Jinsi ya kutengeneza nyumba ya mashetani kwa vitu vya hapa hapa Mtwara

Kuna walimu wa Mikindani walinifuata wanataka chumba cha kutisha kwa ajili ya siku ya shule ya kuchangisha hela, na baada ya kumaliza wengi wakaanza kuniuliza ile kazi inafanywaje, kwa hiyo naandika yote hapa. Ukiwa na darasa moja, vijana 6 wa kujificha na wiki mbili za kujiandaa inatosha kabisa. Fanyeni kati ya mwezi wa 6 na wa 10, maana kwetu kusini mvua ikishaanza vitu vya karatasi havikauki, vinaota ukungu.

Kitu kimoja kieleweke mapema: watu hawaogopi wingi wa mafuvu. Wanaogopa giza, kona wasiyoiona mbele, na kusubiri. Kama hela ni ndogo, imalizie kwenye kitambaa cheusi kabla hujanunua hata barakoa moja.

Hatua ya 1: Ruhusa

Mwambie mwenyekiti wa mtaa na majirani. Kama kuna msikiti karibu, panga ratiba ili spika zizimwe muda wote wa sala. Hapa sina zaidi.

Hatua ya 2: Njia

Simamisha mirunda ugawe darasa iwe njia ya kukunja kona kona, upana usipungue mita 1.2. Kuta za ndani mimi natumia kaniki tu, kile kitambaa cheusi cha pamba. Najua wengi wanakimbilia nailoni nyeusi ya ujenzi kwa sababu ni rahisi, ila nailoni inang'aa ukiimulika, upepo ukipita inapiga kelele, na ikishika moto inadondosha matone yanayowaka. Kaniki inameza mwanga. Unaweza hata kuazima kwa kina mama mtaani ukarudisha ikiwa imefuliwa.

Mlangoni weka taa kali. Mtu akitoka kwenye mwanga mkali akaingia gizani macho yanachukua dakika kadhaa kuzoea, na hizo dakika ndo zako. Waingize watu 4 mpaka 6 kwa mara moja, kundi linalofuata lisubiri mpaka la kwanza lipite nusu ya njia.

Halafu mpangilio wa kushtua. Ukimshtua mtu kwa mbele anageuka, anarudi nyuma, anawagonga wenzake. Mshtue kwa nyuma au kwa ubavu atakimbilia mbele, ambako ndo unataka aende. Na aliyejificha asimlenge wa kwanza kwenye mstari, alenge wa katikati, la sivyo wa nyuma wanasikia kelele tu hawaoni kitu.

Hatua ya 3: Barakoa na mafuvu

Pika uji wa unga wa ngano au wa muhogo, kikombe 1 cha unga kwa vikombe 5 vya maji, tia chumvi vijiko viwili ili usiote ukungu. Puliza puto, chana magazeti (chana kwa mkono usikate na mkasi, kingo zilizochanika zinashikana vizuri), chovya, bandika tabaka 4 au 5, na kila tabaka likauke kabla ya lingine. Toboa puto, kata matundu ya macho, sehemu ya pua na mdomo ijenge kwa karatasi iliyopondwapondwa kwenye uji uleule. Paka rangi nyeusi yote, ikikauka chukua brashi yenye rangi nyeupe kidogo mno uipitishe juu juu, itashika kwenye matuta na mashimo yatabaki meusi. Barakoa za plastiki za dukani sizipendi hata kidogo, zinafanana zote na mtoto wa darasa la tatu anaijua kabla hajaogopa.

Kwa sura, kaangalieni vinyago vya Kimakonde vya ule mtindo wa shetani, ambao anayetajwa kuuanzisha miaka ya 1950 ni mchongaji Samaki Likankoa. Jicho moja kubwa, mdomo umeenda upande, sikio limetokea pasipotarajiwa. Uso usiolingana pande mbili unatisha kuliko uso wenye meno mengi. Ila barakoa ya mapiko msiiguse wala msiiige. Ile ni ya jando na ngoma, ina wenyewe na heshima yake. Vilevile msilete sanda halisi, jeneza la kuazima wala hirizi, kuna watu wamezika juzi tu.

Utando wa buibui: nyavu chakavu za wavuvi, zifue chumvi itoke, zichanechane, juu yake vuta pamba nyembamba. Damu: uji wa muhogo mwepesi, rangi nyekundu ya chakula, na kahawa kidogo, maana bila kahawa inaonekana soda.

Hatua ya 4: Mzimu kwenye kioo

Hii ndo inayokula usiku mzima ukiikosea kidogo tu, kwa hiyo nitaenda taratibu. Ujanja wenyewe ni wa zamani, mwanasayansi John Henry Pepper aliuonyesha London mwaka 1862 akitumia wazo la mhandisi Henry Dircks, na lile jumba la Haunted Mansion kwenye bustani ya michezo ya Disneyland kule Marekani, lililofunguliwa 1969, linautumia mpaka leo. Mgeni anachungulia kwenye dirisha anaona kiti kitupu, ghafla kuna mtu mweupe amekaa na kiti kinaonekana kupitia mwili wake, halafu anapotea.

Unahitaji kioo safi cha dirisha, kiazime kwa fundi aluminiamu usinunue. Kioo kinasimama mshazari nyuma ya dirisha, nyuzi 45. Kupata 45 kunja karatasi ya A4 ile kingo fupi ilale juu ya kingo ndefu, ule mkunjo ndo kipimo chako, uweke chini sakafuni ufuate. Nyuma ya kioo kuna kiti. Pembeni, upande ambao kioo kinatazama, kuna kijumba kidogo mgeni hakioni kabisa, humo ndo anakaa "mzimu" wako juu ya stuli iliyofunikwa kaniki, nyuma yake kaniki, chini kaniki, kila kitu cheusi isipokuwa yeye.

Sasa umbali. Taswira inaonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao mtu yuko kutoka kwenye kioo. Mzimu akiwa mita 2 kutoka kwenye kioo basi kiti nacho kiwe mita 2 nyuma ya kioo. Tumia kamba, usikadirie kwa macho. Ikizidi hata sentimita 20 utaona mzimu anaelea mbele ya kiti au amezama ndani ya ukuta, na urefu wa stuli na kiti ulingane pia, la sivyo atakuwa amekaa hewani.

Ukubwa wa kioo ndo unawasumbua wengi. Kwa sababu kimelala mshazari, upana wake lazima uwe karibu mara moja na nusu ya upana wa dirisha. Dirisha la sentimita 60 linataka kioo cha 90, na bado wageni wanasimama pembeni pembeni kwa hiyo ukipata mita 1 chukua. Kikiwa kifupi kingo yake itaonekana kama mstari unaong'aa na mchezo umeisha. Kioo chembamba ni bora, kinene kinatoa taswira mbili zimepishana, lakini chembamba nacho kinavunjika, kwa hiyo kifungie fremu ya mbao na weka kizuizi mgeni asikifikie kwa mkono.

Taa sasa. Kioo kinarudisha sehemu ndogo tu ya mwanga, kwa hiyo mzimu apigwe taa kali, kiti kipigwe taa hafifu, na wageni wawe gizani kabisa. Taa ya mzimu imulike kutoka ubavuni mwake, isielekee kioo hata kidogo. Usiiwashe kwa swichi, shika kadibodi mbele yake uisogeze polepole, mzimu atakuja polepole. Avae nyeupe, ajipake poda usoni. Kumbuka kioo kinageuza kulia kuwa kushoto, akitakiwa kunyoosha mkono wa kulia anyooshe wa kushoto. Simu zote zibaki mlangoni, tochi moja tu inaonyesha kioo chote. Na sisi tulio karibu na bahari, chumvi inaganda juu ya kioo, kifute kwa gazeti na siki kila mara kabla ya kuanza, vumbi likipata mwanga linaonekana kuliko mzimu.

Hatua ya 5: Sauti

Spika moja ndogo imefichwa chini, sauti ya mlango au bundi, na ukimya mrefu katikati. Muziki hapana.

Hatua ya 6: Moto na usalama

Hapa sikubaliani na mtu yeyote anayeleta mshumaa au kibatari. Tarehe 11 Mei 1984 jumba la kutisha la Haunted Castle kule New Jersey, Marekani, liliungua, vijana 8 wakafia ndani, moto ulianzia kwenye sponji la ukutani lililoguswa na kiberiti cha gesi. Hakuna sponji, hakuna gunia la korosho karibu na taa, hakuna kuvuta sigara. Taa zote za betri, ambazo zinakusaidia pia umeme ukikatika. Milango miwili ya kutokea, yote inafunguka kwa kusukuma bila komeo, mtungi wa kuzimia moto na ndoo za mchanga. Chagueni neno moja, mimi natumia "TAA!", yeyote akilisema kila mtu anavua barakoa na kuwasha tochi papo hapo. Lifanyieni mazoezi kabla.

Wanaojificha hawamgusi mgeni. Mjamzito, mwenye pumu, mwenye shida ya moyo na watoto wadogo waambieni pale mlangoni, kwa upole, wapitishwe taa zikiwa zimewashwa kama wanataka kuona.

Hatua ya 7: Kubomoa

Anzeni na kioo, watu wawili, mchana. Kaniki zifuliwe zirudi kwa wenyewe. Barakoa zitundikeni sehemu kavu yenye hewa mbali na panya, maana uji ule panya wanaupenda, na mwakani mtapaka rangi upya tu.