Oaks: usiweke dau kwa rangi ya jezi

Vijana wa hapa Shella Malindi odds za mpira wanazijua mpaka ligi ambazo hata jina la timu hawawezi kulitamka, lakini ikifika farasi akili zinahama. Juzi barazani mmoja ananiambia eti yeye anamuweka yule farasi ambaye mpandaji wake kavaa jezi ya kijani. Jezi ya kijani jamani! Haya sikizeni mimi nafanyaje, na mnaosema kamari ni haramu sibishani na nyinyi, hii ni ya mtu mzima aliyeshaamua na pesa yake si ya unga.

Oaks ni mbio ya farasi inayokimbiwa Epsom kule Uingereza tangu 1779, siku hizi ni Ijumaa, kesho yake Derby, mbio nyingine kubwa hapo hapo. Wanaingia mitamba tu, farasi wa kike wa miaka mitatu, na wote wanabeba uzito sawa. Umbali ni maili moja na nusu, kama mita 2,400, na hapo ndipo pesa za watu zinapozama, kwa sababu wiki chache kabla kuna 1000 Guineas kule Newmarket, maili moja tu tena njia imenyooka, watu wakimuona mtamba kafanya vizuri pale wanamkimbilia Oaks mbio mbio. Wapo waliozibeba zote mbili, Minding 2016, Love 2020, ila wengi pumzi inakata.

Mimi 2021 nililizwa hivyo hivyo. Nikamuweka Santa Barbara, kipenzi cha wengi, wa nne Guineas, na maskini maishani mwake alikuwa amekimbia mara mbili tu! Snowfall nikampita na macho, odds zake 11/2, na alikuwa ametoka kushinda Musidora kule York, mbio ya maili moja na robo. Akashinda kwa urefu wa farasi 16. Mkeka wangu wa dau hata kuchanika haukuchanika, uliyeyuka.

Kwa hiyo cha kwanza angalia kama ameshamaliza maili na robo au zaidi akiwa bado ana nguvu. Musidora, Cheshire Oaks, mbio ya majaribio ya Lingfield, hizo ndizo za kufuatilia mwezi wa tano (mtamba Enable alipitia Cheshire Oaks 2017 kabla ya kuibeba Oaks yenyewe). Kama hajafika huko muulize mama yake, yani tazama mama na babu walishinda umbali gani. Halafu Epsom si uwanja wa tambarare, wanapanda kilima kwanza, wanateremka wakikata kona ya Tattenham, na mwisho njia imeinama upande. Wale wa Lamu mnaelewa, punda anayekimbia vizuri pale ufukweni si lazima awe wa kupita vichochoroni na mzigo.

Odds za 11/2 maana yake ukiweka mia unapata faida 550, kwenye app nyingi utaiona 6.5. Mtamba wa odds kubwa mimi namuweka each way, yani dau linagawanywa, nusu ashinde nusu aingie nafasi za juu. Wakikimbia wanane au zaidi kawaida ni tatu bora, kwa moja ya tano ya odds. Mfano 10/1, unatoa 200, akiwa wa pili ile mia ya kushinda imekwenda lakini ile nyingine inarudi 300, yani faida 200 na mia yako. Qualify 2015 alishinda kwa 50/1, kwa hiyo usidharau.

Mvua ikinyesha Epsom subiri kwanza, ardhi ikilowa mambo yanabadilika. Na wakizungushwa kabla ya mbio mtazame shingo, akiwa ametoka povu jeupe na anarukaruka mimi pesa siweki.

Na wewe wa kijani, jezi ni ya mwenye farasi, na tajiri mmoja anaweza kuingiza watatu mbio moja wote jezi ile ile, kofia tu ndio tofauti. Sasa utamshangilia nani?