Somo: Data ya SPSS ikifunguka vibaya kwenye Stata au R

Wadau, habari zenu. SPSS, Stata na R ni programu za takwimu. Umehamisha faili toka moja kwenda nyingine, ukifungua unakuta vurugu: tarehe zimekuwa mabilioni, "Ndiyo" na "Hapana" zimegeuka 1 na 2. Usifute kitu. Jiulize kwanza: thamani imeharibika, au ni vazi lake tu?

Hatua ya 1. Kwenye faili la awali hesabu mistari na safu, kisha chukua wastani wa safu mbili tatu. Rudia upande wa pili. Zikilingana, pumua.

Hatua ya 2: tarehe. SPSS huhesabu sekunde tangu 14 Oktoba 1582, siku moja kabla ya kalenda ya Gregori kuanza. Stata huhesabu siku tangu 1 Januari 1960, R tangu 1 Januari 1970. Kwa hiyo 13797216000 si uchafu, ni 1 Januari 2020. Kwenye Stata (86400 ni sekunde za siku moja):

gen siku = tarehe/86400 + td(14oct1582)
format siku %td

Hatua ya 3: namba za utambulisho. Hapa ndipo watu wanapolia. Ukiona 1.23e+09 (yaani bilioni 1.23, imefupishwa), kwenye Stata andika format id %12.0f. Mara nyingi tarakimu zote hurudi. Lakini angalia na aina ya hifadhi kwa amri ya describe. Ikiwa ni float (hifadhi ya tarakimu chache), namba nzima huwa na uhakika hadi 16,777,216 tu. Kuzidi hapo nyingine hukadiriwa kwa namba ya karibu, na watu wawili wanaweza kujikuta na namba moja. Hapo format haiokoi. Rudi faili la awali, ilete kama double (hifadhi ya tarakimu nyingi zaidi) au maandishi. Mimi huchagua maandishi: hakuna anayejumlisha namba za utambulisho, na sifuri za mwanzo hubaki.

Hatua ya 4: herufi za ajabu. Stata 14 kwenda mbele hutumia UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Faili la zamani lipitishe kwenye amri ya unicode translate, ukiwa na nakala pembeni.

MASWALI

– Mkuu, kwenye R nimesoma faili kwa read_sav, nikaweka as.factor, bado naona 1 na 2.
Lebo (yale maneno "Ndiyo" na "Hapana") zipo, umekosea alama moja. Tumia as_factor ya haven (kifurushi cha R), yenye mstari wa chini. Ile yenye nukta haizijali lebo.

– Nilihamisha data kwenda Stata kupitia CSV (faili la maandishi matupu). Wastani wa umri umepanda, wenye miaka 99 wamejaa!
SPSS ilikuwa imeambiwa 99 maana yake "hakujibu". CSV haibebi taarifa hiyo. Hakikisha kwenye dodoso, kisha kwenye Stata: mvdecode umri, mv(99).

– Nimefanya, asante. Mbona sasa nikihesabu waliozidi miaka 60 bado ni wengi mno?
Stata huona thamani iliyokosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote, hivyo wasiojibu wote wameingia kundi la wazee. Andika: count if umri > 60 & !missing(umri)