Jinsi ya kukagua ombi la kubadilisha masharti ya usalama ya mtambo wa nyuklia

Watu wengi wakishika ombi la kubadilisha masharti ya kiufundi ya mtambo wa nyuklia wanakimbilia ile kurasa yenye namba iliyokatwa kwa mstari na namba mpya pembeni yake, wanaangalia ya zamani, wanaangalia mpya, alafu wanaanza kubishana kama imezidi au haijazidi. Usianzie hapo. Namba peke yake haikwambii kitu mpaka ujue inalinda nini, na kazi ya mkaguzi ni kuifuata hiyo namba kurudi nyuma mpaka afike kwenye ajali ambayo kuna mtu alikaa akaipigia hesabu.

Nitatumia mfumo wa Marekani maana makaratasi yao mengi yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyafungua akasoma. Nchi nyingine majina yanabadilika tu, IAEA, yaani Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kwa mfano wanaiita mipaka na masharti ya uendeshaji, ila kazi ni ile ile.

Jua kwanza umeshika nini mkononi. Masharti ya kiufundi ni sehemu ya leseni yenyewe, sio mwongozo wa kampuni, kwa hiyo mwenye mtambo hawezi kuyagusa bila NRC, yaani Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, kukubali kwa maandishi. Kifungu cha 50.36 cha kanuni zao kinataka yawe na mipaka ya usalama na viwango vya kinu kujizima, masharti ya chini ya kuendesha, majaribio ya mara kwa mara, maumbile ya mtambo, na taratibu za utawala. Maombi mengi utakayoyaona yanagusa masharti ya kuendesha na majaribio. Sharti linasema kifaa gani lazima kiwe kizima, na kikiharibika una muda gani kabla ya kulazimika kuzima kinu. Jaribio ndo linalothibitisha kwamba hicho kifaa ni kizima kweli. Kwenye masharti ya mfano ya mitambo iliyoundwa na kampuni ya Westinghouse, jenereta moja ya dizeli ya umeme wa dharura ikiharibika una saa 72, zikiharibika mbili una saa 2 tu. Tofauti ya hizo namba mbili inakuonyesha mantiki nzima: ikibaki moja bado una kinga, zikiondoka zote unategemea umeme wa nje peke yake.

Sasa anza kusoma, na usome kwa mpangilio huu. Soma sharti lililopo sasa hivi, neno kwa neno. Kisha fungua kurasa za misingi, zile zinazoeleza kwa nini sharti lipo. Kisha nenda kwenye ripoti ya usalama ya mtambo, sura ya 15, ndo kuna uchambuzi wa ajali, utafute hiyo namba imetumika wapi. Ukimaliza hapo ndo urudi kusoma hoja za mwombaji. Ukianza na hoja zake utajikuta unaangalia mtambo kwa macho yake, na yeye ameshaamua jibu.

Tuchukue ombi moja la kawaida tulifuate. Mtambo unataka kubadilisha mzunguko wa kufungua kinu na kuweka fueli mpya kutoka miezi 18 kwenda 24, kwa hiyo unaomba majaribio ya kukalibreti sensa, yaani kuhakiki na kurekebisha usomaji wake, nayo yaende miezi 24. Ukisikia hivyo unaona ni miezi 6 tu imeongezeka, ila masharti yanaruhusu jaribio kuchelewa kwa asilimia 25 ya muda wake, maana yake leo sensa inaweza kukaa miezi 22.5 na kesho itaweza kukaa miezi 30. Hiyo 30 ndo namba ya kukagua, sio 24. Sensa ya presha huwa inahama kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda, na kiwango cha kujizima kimewekwa kwa kuacha nafasi kati yake na mpaka wa uchambuzi, yaani namba iliyotumika kwenye hesabu za ajali, nafasi ambayo inabeba makosa yote ya kipimo pamoja na huko kuhama. Kwa hiyo muulize mwombaji: data za kalibresheni za miaka iliyopita ziko wapi, sensa ilikutwa inasoma ngapi kabla hawajaigusa na ikaachwa ngapi baada ya kurekebishwa, na makisio ya miezi 30 yametoka kwenye hizo data au umechukua kuhama kwa miezi 18 ukazidisha tu. Ukikuta sensa zilizosumbua zimeondolewa kwenye hesabu, dai sababu ya kila moja. Hapo usione aibu kung'ang'ania, kuna kesi ambapo sensa iliyosumbua ndo pekee inayokwambia ukweli kuhusu aina nzima ya zile sensa.

Ombi la kuongeza muda wa matengenezo lina sura nyingine. Mfano dizeli kutoka saa 72 kwenda siku 14. Hapa mwombaji ataleta hesabu za uwezekano, ataonyesha hatari ya kuharibika kwa moyo wa kinu inapanda chini ya 1 kwa 1,000,000 kwa mwaka, kiwango ambacho NRC wanakihesabu ni kidogo sana. Hesabu ni nzuri, isome, ila isiwe hoja peke yake. Utaratibu wenyewe unataka pia kanuni zitimizwe, tabaka za kinga zibaki, nafasi za usalama zisiliwe, na utendaji ufuatiliwe baada ya mabadiliko. Kwa hiyo uliza mambo ya mkononi kabisa: hizo siku 14 kuna chanzo gani cha ziada cha umeme, nani anakiwasha, kinachukua dakika ngapi, alishawahi kukijaribu, na dizeli iliyobaki itaruhusiwa kuguswa na mafundi wakati mwenzake amefunguliwa. Hesabu ya uwezekano inachukulia kwamba hayo yote yatafanyika, wewe hakikisha yameandikwa kama ahadi ya leseni, sio sentensi tu ndani ya barua.

Kitu kingine, kuwa ndani ya namba sio sawa na kuwa salama. Mtambo wa Davis-Besse kule Ohio, mwaka 2002, walikuta asidi ya boroni iliyo kwenye maji ya kupoza kinu imekula chuma cha kifuniko cha kinu mpaka ikabaki ile ngozi nyembamba tu ya chuma cha pua kwa ndani, ndo ilikuwa imezuia presha yote. Masharti yaliruhusu uvujaji usiojulikana chanzo wa galoni 1 kwa dakika, na uvujaji wao ulikuwa chini ya hapo. Ila masharti hayo hayo yalisema uvujaji kwenye ukuta wa presha wenyewe ni sifuri. Yaani namba waliyokuwa wanaiangalia iliwapa amani, na namba iliyokuwa inalinda kitu chenyewe ilikuwa imeshavunjwa. Na dalili zilikuwepo, vichujio vya vifaa vya kupima mionzi hewani vilikuwa vinaziba kwa vumbi la rangi ya kutu na ikabidi wavibadilishe mara kwa mara. Kwa hiyo ukikagua kikomo chochote uliza kama njia ya kupima inaweza kweli kuona kile kikomo kinachokataza.

Na majaribio yenyewe yaangalie kama hatari pia, sio kama dawa tu. Kwenye ajali ya mtambo wa Three Mile Island kule Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, pampu za dharura za maji ziliwaka kama zilivyotakiwa lakini maji hayakufika kwenye majenereta ya mvuke maana vali 2 zilikuwa zimefungwa, kinyume na masharti, na waendeshaji waligundua baada ya dakika 8 hivi. Jaribio la mfumo huo lilikuwa limefanyika siku 2 tu kabla. Kwa hiyo mtu akiomba kubadilisha jaribio, muulize kifaa kinaachwa katika hali gani jaribio likiisha, na nani mwingine anakwenda kuthibitisha kwa macho yake.

Mwombaji pia lazima ajibu maswali matatu ya kifungu cha 50.92: je mabadiliko yanaongeza sana uwezekano au madhara ya ajali iliyokwisha chambuliwa, je yanaleta ajali ya aina mpya, je yanapunguza sana nafasi ya usalama. Majibu haya mara nyingi yananakiliwa kutoka ombi moja kwenda lingine, utaona mpaka sentensi zinafanana. Ukikuta jibu linaloweza kukaa kwenye ombi lolote la mtambo wowote, bado halijajibu. Umma nao una siku 30 za kutoa maoni na siku 60 za kuomba kusikilizwa tangu tangazo litoke, kwa hiyo kama we sio mkaguzi wa serikali na unaishi karibu na mtambo, hizo tarehe ziandike mapema kabisa.

Ukiandika swali la kuomba taarifa zaidi, lifunge kwenye kanuni. Usiandike "tafadhali fafanua zaidi", utapata kurasa 20 zisizo na kitu. Andika: kanuni inataka hivi, ombi lako ukurasa fulani linasema hivi, sijaona hesabu ya kitu hiki, niletee hesabu hiyo au sababu ya kutoihitaji. Swali la namna hiyo halina pa kukimbilia, na miaka ijayo mtu akisoma ripoti yako ya tathmini ataelewa ulikuwa unatafuta nini.

Mwisho kabisa kabla hujasaini, chukua kurasa safi uzilinganishe na zile zenye alama za mabadiliko, mstari kwa mstari, ukiwa umetulia. Kwenye masharti haya NA na AU zinaandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, na jinsi zilivyosogezwa ndani ya ukurasa inabadilisha maana. AU ikisogea hatua moja kushoto, kazi 2 zilizokuwa lazima zifanyike pamoja zinaweza kugeuka kuwa hiari ya kuchagua moja, na mwendeshaji akisoma saa 9 usiku dizeli ikiwa imekufa atafuata kile kilichoandikwa kwenye ukurasa, sio kile ulichokuwa unakimaanisha.