Kirusi kikikamatwa, soma kimetokea wapi

Kompyuta ya Windows 10 au 11 ikikuambia imekamata kirusi, usiishie kufunga kile kijumbe. Fungua Windows Security (programu ya ulinzi iliyomo ndani ya Windows), ingia "Virus & threat protection", kisha "Protection history". Bonyeza tukio lenyewe (huenda ikaomba ruhusa ya msimamizi) usome mstari wa "Affected items". Pale pameandikwa faili lilikuwa wapi, na hilo ni muhimu kuliko jina refu la kirusi. Anwani hiyo ya faili ikianza na E: au F:, mara nyingi ni flashi, isafishe kabla hujaichomeka kwingine, hasa kama imetoka stationery ulikokwenda kuprinti. Ikiwa ni Downloads, futa na ile zipu uliyopakua. Faili lilelile likirudi tena na tena baada ya kuondolewa, kuna kitu kinalizalisha upya: hifadhi kazi zako, nenda "Scan options", chagua ukaguzi wa offline. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijapanda, kirusi kikiwa bado hakijaamka. Ni kama dakika 15.

Matukio kwenye "Protection history" hukaa wiki mbili tu, kwa hiyo usichelewe. Kama umeweka antivirusi nyingine, tafuta kumbukumbu ndani ya programu hiyo. Na lile onyo la kutisha kwenye kivinjari, lenye namba ya simu, hutaliona humo kabisa. Ni ukurasa wa matapeli. Ufunge, na tafadhali usipige.