Kuizunguka Amu kwa Miguu na kwa Mashua: Anza na Maji

Mgeni akishuka jetini Lamu, au Amu kama wenyeji wanavyoiita, huuliza kwanza hoteli iko wapi na ngome inafunguliwa saa ngapi. Swali lenye faida zaidi ni hili: leo mwezi una siku ngapi tangu uandame, na maji yanajaa saa ngapi? Kisiwa hiki huonwa kwa miguu na kwa chombo, na yote mawili yanafuata maji. Njia ya ufukweni ya kwenda kijiji cha Shela inapitika vizuri maji yakiwa yamekupwa. Mkono wa bahari unaoingia Takwa, mji wa magofu kule kisiwa cha Manda, unapitika maji yakijaa tu. Anayepanga kinyume ataloweka viatu asubuhi na kukwama katika tope la mikoko jioni.

Kuyasoma maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku wakati huo husogea mbele kama dakika 50. Yakijaa leo saa tisa alasiri, kesho yatakaribia saa kumi. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hukolea siku moja au mbili baadaye; hapo tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja hivi.

Kariri hili moja na utajitegemea: pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, kujaa kukawa saa nne na kupwa saa kumi. Simu ikizima usihangaike. Amu tarehe ya mwezi anaijua hata anayekuuzia mahamri.

Tena maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kujaa hupungua kidogo tu, mtu akadhani ana muda wa kutosha. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: karibu nusu ya maji yote huondoka katika saa hizo mbili. Nahodha akikwambia twende wakati wewe unaona maji bado tele, inuka.

Kwa hiyo siku ya bamvua hujipanga yenyewe. Mjini mapema, Shela kwa miguu kabla ya adhuhuri, Takwa kwa mashua alasiri. Mwenye siku mbili na auachie mji siku nzima ya kwanza, maana mji ndio wenye mengi.

Mji wenyewe

Toka saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda na wakati punda wameanza kazi. Mahali pazuri pa kuanzia ni uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome. Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Panda juu ya kuta zake hata kama huna hamu ya maonyesho ya ndani: kutoka pale utaona mapaa ya mji, na utaelewa mitaa imelala vipi kabla hujaingia kupotea. Ngome na nyumba za makumbusho ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na malipo yao hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Weka simu chaji na bando. Kurudi hotelini kwa sababu ya kulipa tu ni kupoteza asubuhi.

Kutoka uwanjani ingia Usita wa Mui, njia kuu inayokwenda sambamba na bahari. Ukielekea kaskazini unaingia Mkomani, mji wa mawe wenyewe. Kusini ni Langoni. Mji huu uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na watu wameishi humu zaidi ya miaka 700, lakini usitarajie kibao kila kona. Mengi inabidi uyatafute kwa macho.

Tazama juu kwanza. Chumba kinachopita juu ya njia, kimeunganisha nyumba mbili, ni wikio: ndugu au watoto waliooa wanatembeleana bila kushuka barabarani. Kisha tazama mlangoni. Nje ya nyumba kubwa kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande zote mbili, mgeni asiye wa karibu hupokewa hapo. Mlango una mbao mbili na mfaa, ile nguzo ya katikati iliyochongwa. Ukitaka kujua kazi nzuri, angalia kama nakshi za mfaa zina kina na ncha safi, au zimekwaruzwa juujuu.

Ndani utaingia katika Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa na Makumbusho huko Mkomani. Vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu iko darini: dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba dari zito la mawe ikivuka zaidi ya mita tatu hivi. Basi chumba kilipotakiwa kukua, kilikua kwa urefu tu. Ukuta ni matumbawe na chokaa. Ukutani mwa chumba cha ndani kabisa kuna zidaka, safu za vishubaka vya chokaa vilivyopangwa mstari juu ya mstari. Kaa humo dakika kumi, mlango ukifungwa, uone jua la nje linavyobaki nje.

Watu hupotea humu, na si vibaya. Dawa yake iko chini ya miguu. Mji umejengwa mtelemkoni, na mitaro ya maji machafu ya vichochoroni inateremka kuelekea baharini. Fuata maji yanakokwenda utatokea ufukweni. Geuka kinyume utapanda kuingia ndani ya mji. Mtaro huohuo ndio unaovunja vifundo vya miguu usiku, kwa hiyo chukua tochi, na viatu viwe vyenye kushika. Kandambili zilizolika zinateleza kwenye saruji yenye maji.

Punda ana haki ya njia. Ukisikia "Simile!" nyuma yako, usigeuke kwanza kutazama. Bandika mgongo ukutani au ingia katika daka la karibu. Punda mwenye matofali au magunia ya mchanga pande mbili hakadirii upana wa mzigo wake, na anayeumia ni anayesimama kwenye kona. Ukiwa na begi la mgongoni, livae kifuani, ndilo linalonaswa.

Makumbusho ya Lamu yako ukingoni mwa bahari, na humo usikose siwa mbili, yaani baragumu kubwa za jadi: ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Zilipigwa katika harusi na sherehe za wakubwa. Kaskazini kidogo ni kliniki ya punda, iliyopo tangu 1987. Ukirudi kusini, karibu na ngome uko Msikiti wa Pwani, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1370, na ndani zaidi ya Langoni msikiti wa Riyadha, aliouanzisha mwanazuoni Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19 na ambao ndio kitovu cha Maulidi. Wakati wa Maulidi vyumba vya kulala hujaa, kwa hiyo agiza mapema au kaa Shela.

Misikitini usiingie kwa kutalii tu. Omba idhini, na wakati wa sala subiri. Mabega na magoti yafunikwe mjini kote. Nguo za kuogelea ni za ufukweni Shela. Picha ya mtu ni kwa ruhusa yake, hasa kina mama, na jibu likiwa kimya maana yake hapana. Ukuta wa bahari unatazama mashariki, kwa hiyo picha nzuri za mji kutoka majini ni za asubuhi. Jioni jua huzama nyuma ya nyumba na mji wote huwa giza.

Shela

Ni kilomita tatu hivi kusini mwa mji, mwendo wa dakika 40 hadi 50. Fuata pwani, pita hospitali ya King Fahd, endelea. Maji yakiwa chini unatembea juu ya mchanga mgumu. Bamvua ikijaa, mawimbi yanapiga kuta za nyumba na ufukwe unatoweka. Hapo utumie njia ya ndani, ndefu kidogo na isiyo na upepo. Kanuni: ondoka mjini saa moja na nusu kabla ya maji kukauka kabisa.

Shela kwenyewe tafuta msikiti wa Ijumaa wa 1829, mnara wake mweupe umechongoka juu. Baada ya hapo ni ufukwe, kilomita 12, bila kivuli na bila kibanda cha maji. Beba lita mbili kwa mtu. Usiogelee kwenye mdomo wa mlango wa bahari, pale Shela inapotazamana na Manda, maji yakiwa yanatoka: mkondo ni mkali na hauonekani kwa juu. Sogea mbele ufukweni. Vilima vya mchanga nyuma ya ufukwe ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisima yanayonywewa mjini, kwa hiyo usiache taka huko wala kuvigeuza choo.

Kuchukua chombo

Vyombo ni vya namna mbili. Boti ya mashine ni ya kuvuka na kuwahi. Mashua ya tanga ni ya kutembelea, na ndiyo raha yenyewe. Zungumza na nahodha, si na dalali, siku moja kabla. Bei ielezwe kwa chombo kizima, si kwa kichwa, na yatajwe haya: mnakwenda wapi na wapi, mnarudi saa ngapi, chakula ni juu ya nani, mafuta yamo au hayamo, na upepo ukikata nani analipia mashine. Ugomvi mwingi wa jetini hutokana na hilo la mwisho. Toa sehemu ya pesa ya kununulia samaki na mafuta, iliyobaki mkirudi.

Kabla ya kupanda, tazama laifjaketi zihesabike sawa na watu, na ziwe zinafungika. Tazama chini ya chombo: maji kidogo ni kawaida, lakini kama baharia anachota kopo baada ya kopo kabla hamjang'oa nanga, tafuta mashua nyingine. Ulizia pia kama iko mashine ya akiba.

Upepo nao una msimu. Wakati wa kaskazi, kama Desemba hadi Machi, kutoka mjini kwenda Shela unasukumwa na kurudi ndiko kazi. Kusi, kama Aprili hadi Septemba, ni kinyume: kwenda Shela ni kubisha, chombo kikikata huku na huku, na dakika ishirini za njia zikawa saa nzima. Nahodha mzuri hutumia maji kusaidia: huondoka mjini maji yakianza kutoka, yambebe kuelekea mlango wa bahari, na hurudi yakiingia. Tanga likibadilishwa upande, inamisha kichwa na usishike kamba yoyote usiyoambiwa. Katikati ya kusi, Juni na Julai, usimlazimishe mtu kutoka nje ya mlango wa bahari. Nje kule mawimbi ni makubwa.

Takwa

Mji wa Takwa ulikaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Kutoka Lamu ni kama nusu saa kwa mashine, saa moja au zaidi kwa tanga. Panga kufika saa moja kabla ya maji kujaa na kuondoka si zaidi ya saa moja baada yake. Muda huo unatosha. Maji mafu mkono ule haujai sana, kwa hiyo muulize nahodha kama chombo chake kitapita, na uwe tayari kwa jibu la hapana.

Anza na msikiti wa Ijumaa, wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Kisha toka nje ya ukuta wa mji uone kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka wa Hijria unaolingana na 1681 au 1682. Watu wa Shela huja kuomba mvua pale, kwa hiyo usipande juu yake kupiga picha. Vaa viatu vilivyofunika vidole na suruali ndefu: mbu wa mikoko hawasubiri magharibi, na magofuni kuna miiba.

Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi upande wa magharibi wa kisiwa, ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini, mchanga mtupu sehemu kubwa. Nenda kwa miguu alfajiri na urudi kwa chombo maji yakiwa juu; kinyume chake ni kutembea mchangani juani. Uliza mafundi kama kuna chombo kinachoundwa kabla hujafunga safari, kwa sababu zipo wiki ambazo hakuna kitu ufukweni.

Anayerudi Malindi kwa basi lazima kwanza avuke hadi Mokowe, upande wa bara. Basi la asubuhi haliwangoji waliochelewa kuvuka, kwa hiyo uwe jetini Lamu alfajiri, na kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya sanduku, maana barabara ya Garsen ina vituo vya ukaguzi.