Kabla hujanunua kifaa cha kupandia mti, ishike kamba yako kwanza

Dogo mmoja wa Mafinga alinitumia ujumbe usiku: "Kaka shikamoo, nimepata hela ya nguzo, ninunue Zigzag au Akimbo?" Hivyo ni vifaa vya chuma vinavyobana kamba ya mpanda miti. Nikamuuliza kamba yake ni milimita ngapi. Kimya. Baada ya dakika kumi akajibu, "ni ile nene nene ya bluu." Nikamwambia basi bado hujafika dukani.

Mimi nilianzia Mufindi, kwenye mipaina, nikipanda kuchuma koni za mbegu. Miaka sita nilipanda kwa mafundo tu. Siku hizi napunguza miti iliyolalia mapaa, leo Uyole, wiki ijayo Iringa mjini, na wakati wa parachichi niko Rungwe. Nimetumia vifaa vya chuma vya aina nne, kimoja nikakiuza kwa hasara, kingine karibu kinivunje kiuno. Ninachoandika hapa kimetoka huko.

Vifaa hivi vyote vina kazi moja. Ukikaa, vinabana kamba. Ukibonyeza, vinaachia kidogo kidogo ushuke. Ukipanda, vinakufuata. Fundo la Blake, lile linalozungushwa kwenye kamba ya kupandia, linafanya hayo hayo, na la pruski pia ukilijulia. Tofauti ni kwamba fundo likishapata uzito linajikaza, vidole vinauma, na likinyeshewa linakuwa gumu kama mkate wa juzi. Chuma kinakuokolea mikono. Lakini kama huwezi kufunga fundo la Blake gizani, usinunue kifaa chochote. Siku kitakapogoma ukiwa mita kumi na nane juu, utashuka kwa fundo.

Kitu cha pili cha kujiuliza ni unapandaje, maana kuna njia mbili na vifaa vyake havifanani.

Kwanza ni kamba inayotembea. Kamba inapita juu ya tawi, ncha moja imefungwa kwenye hanesi yako, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, upande wa pili unapita ndani ya kifaa kilichopo kwenye hanesi hiyo hiyo. Hapa kifaa kinabeba karibu nusu tu ya uzito wako. Ubaya wake, kupanda mita moja unavuta mita mbili za kamba, na kamba inasugua gome muda wote. Kwenye mjakaranda au mparachichi, ambako unazunguka huku na kule ndani ya matawi, njia hii ni tamu. Ila usiipitishe kamba kwenye panda ya mti hivi hivi. Tumia mkanda wenye pete mbili, kamba ipite kwenye pete.

Nyingine ni kamba iliyotulia. Unaifunga, haiendi popote, wewe ndiye unayeipanda. Mlingoti, yaani mkaratusi, ambao tawi la kwanza liko mita ishirini, usijitese na njia nyingine. Lakini hapa uzito wako wote uko kwenye kifaa kimoja, na kifaa cha kamba inayotembea kikiwekwa hapa peke yake hakina msuguano wa kutosha kukushusha kwa utulivu.

Halafu kuna hesabu ambayo vijana wengi hawaipigi. Ukirusha kamba juu ya tawi na kuifunga chini kwenye shina, tawi halibebi uzito wako, linabeba karibu mara mbili. Mimi nina kilo 72. Na hanesi, msumeno na buti nafika 85. Tawi linaona kama kilo 170, zaidi ya kuning'iniza gunia la kilo mia la viazi na nusu yake tena. Kwa hiyo kabla sijapanda tunaning'inia wawili, mimi na kijana wangu wa chini, tunatikisa, tunasikiliza. Mlingoti unaonya kidogo sana kabla ya kuachia tawi.

Sasa vifaa vyenyewe. Zigzag ya Petzl, Wafaransa wale, ni mnyororo wa vipande vya chuma unaoiga fundo. Imetengenezwa kwa kamba inayotembea, na kwa mikono yangu hakuna kinachoshuka laini kama hicho. Kwenye kamba iliyotulia lazima uongeze kipande kinachoitwa Chicane juu yake. Msiniulize kama mnaweza kuiacha "kwa leo tu". Toleo la kwanza la Zigzag kampuni yenyewe ililiita lirudi mwaka 2013 baada ya nyufa kuonekana kwenye viungo, kwa hiyo mtu akikuletea ya zamani kwa bei ya kutupa, soma namba iliyochongwa ubavuni na uilinganishe na matangazo ya kampuni kabla hujatoa hata senti.

Rope Wrench ni wazo la Mmarekani Kevin Bingham, na ndicho kitu ninachowashauri wenye mfuko mwembamba. Chenyewe hakikushiki. Kinakaa juu ya fundo lako, ukikaa kinapinda kamba na kuchukua sehemu ya mzigo, ili fundo libaki jepesi kuachia hata kwenye kamba iliyotulia. Unaendelea kutumia fundo unalolijua, na fundo ndilo linalokushika. Kile kiungo kigumu kinachokiunganisha na hanesi usikibadilishe kwa kipande cha kamba ya viatu, nimeona.

Akimbo ya Rock Exotica inafanya njia zote mbili na unaivalisha katikati ya kamba bila kutafuta ncha. Ina sehemu mbili za kurekebisha msuguano kulingana na uzito wako na kamba yako. Ni raha, na ndiyo adha yake vilevile: ulichokirekebisha asubuhi kwenye ukungu wa Mufindi siyo utakachokikuta saa saba jua limetoka. Mtu asiye na subira ya kujaribu upya kila mara asiichukue.

Vile vya mafundi wa minara na maghorofa, Rig na I'D, vipo mtaani kwa sababu kazi hiyo ipo. Kushuka vinashusha vizuri. Lakini vimetengenezewa kamba nyembamba, milimita 10 au 10.5 hadi 11.5, na kupanda navyo kwenye mti ni kuvuta kamba kwa mkono kila hatua. Kwa kuokoa mtu sawa. Kwa kazi ya siku nzima ndani ya matawi, hapana.

Vishikio vyenye meno, cha mkono au cha kifuani, ni vya kwenda juu tu. Usiache kamba ilegee juu ya kishikio chenye meno hata kidogo, maana ukidondoka juu yake yale meno yanachana ganda la kamba. Na kile cha kufunga mguuni ni ngazi tu, hakihesabiki kama kinga.

Sasa nirudi kwenye kamba, maana hapo ndipo nilipoumia. Nilipata kamba safi ya milimita 10.5 kutoka kwa mtu wa kusafisha vioo Dar es Salaam. Kifaa changu kilikuwa kimeandikwa 11.5 hadi 13. Nikajiambia milimita moja ni nini. Chini kwenye jaribio kikashika vizuri, nikapanda mjakaranda wa mama mmoja Gangilonga, nikafanya kazi saa nzima. Nilipokaa kwa nguvu baada ya kukata tawi, nikateremka kama ndoo kisimani. Mkono wa kushoto ukaikamata kamba chini ya kifaa, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kamba, na nikasimama kama mita mbili chini ya nilipokuwa. Mama alikuwa kibarazani na kikombe cha chai. Akasema, "Baba, shuka kwanza unywe chai." Nikashuka kwa fundo. Duka halikuwa na kosa, kifaa hakikuwa na kosa. Namba ilikuwa imeandikwa pale pale chini ya dole gumba langu.

Kwa hiyo soma ubavu wa kifaa, kisha soma lebo ya ndani ya kamba. Kamba ya kupandia iwe na alama ya EN 1891 aina A, kiwango cha Ulaya; ile ya manila au ya kufungia mizigo ya fuso haimo kwenye mazungumzo haya. Alama ya CE, ya Ulaya pia, kwenye kifaa ifuatiwe na tarakimu nne. Isipokuwa nazo, hata kama rangi inafanana kabisa na ya kwenye picha, mrudishie mwenyewe. Kama unaweza, mwombe muuzaji ukijaribu kifaa kwenye kamba yako, sio yake.

Kujaribu nako kuna namna. Funga kamba kwenye tawi la chini, miguu iwe sentimita thelathini kutoka ardhini. Kaa polepole mara tano. Kisha kaa kwa ghafla mara tano. Shuka, simama, shuka, simama, mara kumi. Mwagia kamba maji, rudia yote. Kifaa kinachokawia kushika hata kipimo cha kiganja kwenye kamba iliyolowa, hicho Tukuyu hakifai, huko mvua haiombi ruhusa. Fanya hivyo tena kila ukibadilisha kamba, na kamba mpya huteleza kuliko iliyokwisha tembea.

Adui wa pili huku kwetu ni utomvu wa paina. Fundo lililoloa utomvu unalifungua, unalitupa, unafunga jipya kwa kipande cha mita moja na nusu. Kifaa hakitupwi. Utomvu ukiingia kwenye ekseli, springi inarudi kwa uvivu, na springi mvivu maana yake ni kifaa kisichobana. Ndiyo sababu Sao Hill na kwenye mashamba yote ya paina napanda na fundo na Rope Wrench, Zigzag inabaki kwenye begi ikisubiri mijakaranda.

Ukiwa na msumeno mkononi, kifaa kimoja hakitoshi, kiwe cha bei gani. Funga mkanda wa pili kuzunguka shina kabla hujawasha, mahali pengine, sio kwenye tawi lile lile.

Ukifika nyumbani, kikague kifaa mkononi, taa ikiwa karibu. Pitisha ukucha pale kamba inapopita: ukucha ukikwama kwenye mfereji, chuma kimelika. Tikisa kila riveti. Bonyeza uachie, sikiliza springi inavyorudi. Chenye utomvu kioshe kwa maji ya uvuguvugu, yasizidi ya kumwogeshea mtoto, sabuni ya kipande na mswaki mzee. Petroli isiguse kamba wala kifaa. Oili usitie kabisa mahali kamba inapopita. Kitundike kivulini mpaka kikauke, sio juu ya jiko la mkaa, hata kama ni Julai na wewe mwenyewe umelikumbatia.

Yule dogo wa Mafinga alipima kamba yake kesho yake. Ilikuwa milimita 14, ya kuvutia magogo.