Deskitopu nyingi kwenye kompyuta moja, zipange hivi

Wale wenye steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya, mnanielewa, kompyuta moja ina CV ya mteja, picha za pasipoti, fomu ya mkopo wa chuo na YouTube juu yake, mteja anasubiri we bado unatafuta faili lake liko wapi. Kwenye Windows 10 na 11 dawa ipo na ni bure, unafungua deskitopu kadhaa, yaani kurasa tofauti za skrini, kila moja na madirisha yake.

Bonyeza kitufe cha Windows + Ctrl + D kwa pamoja, inafunguka deskitopu mpya tupu kabisa. Kuhama ni Windows + Ctrl na mshale wa kulia au kushoto. Ukibonyeza Windows + Tab unaziona zote, hapo ndo unaburuta dirisha kutoka hii kwenda ile.

Sasa wengi wanakwama hapa, wanafungua deskitopu saba halafu hawajui ipi ni ipi. Zipe majina, bonyeza jina kwenye Windows + Tab uandike "Wateja", "Picha", "Hesabu", na kama una 11 weka kila moja picha yake ya nyuma, mi ya hesabu nimeweka Ziwa Ngosi, nikiona maji tu najua nipo wapi. Tatu zinatosha bana.

WhatsApp, bonyeza kulia kwa mausi juu ya dirisha lake hukohuko kwenye Windows + Tab, chagua ionekane deskitopu zote, maana wateja wanatuma mafaili muda wote.

Kufunga ni Windows + Ctrl + F4, usiogope, madirisha hayapotei, yanahamia deskitopu ya jirani. Ila umeme ukikatika majina yanabaki, programu utafungua upya, kwa hiyo sevu kazi mapema.